Muswada ulipita 2021, mbona mpaka leo makaratasi hakuna?

Marahaba mama, na pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili maana lina machungu ndani yake. Naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine wenye shida hiyohiyo waelewe tunaongelea nini: wewe ni mtu wa Tanga unaishi Houston, binti yako ulimleta 2010 akiwa na miaka 6, visa ikaisha mkabaki, mwezi wa tatu 2021 ukaona kwenye WhatsApp kwamba Bunge la Marekani limepitisha muswada wa kuwapa makaratasi watoto waliokuja wadogo, mkapika pilau, majirani wakaja, halafu akatokea mtu wa kujaza fomu akachukua dola 900 eti amwandikishe binti mapema kabla foleni haijawa ndefu. Miaka imepita hakuna kitu. Na unauliza, sheria ikishapitishwa na Bunge inaenda wapi?

Nianze na jibu lenyewe. Haikuwa sheria mama. Ulikuwa muswada uliopita upande mmoja wa Bunge, na Bunge la huku lina pande mbili, upande mmoja ukikaa kimya basi kazi yote ya upande wa pili imeishia hapo. Ile habari uliyoiona kwenye simu ilikuwa ya kweli kabisa, Machi 18, 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada namba H.R. 6, American Dream and Promise Act, kura 228 kwa 197, na kwa masharti ya umri na muda binti yako angekuwemo, maana walitaka mtu awe aliingia akiwa na miaka 18 kushuka chini na awe yupo nchini tangu Januari 1, 2021. Ukatoka pale ukapelekwa Seneti. Seneti haikuupigia kura hata siku moja. Haikuukataa, haikuukubali, haikuuita tu.

Na wala usijilaumu kwa ile pilau. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua Bunge ni moja, muswada analeta waziri ambaye mwenyewe ni mbunge amekaa palepale mbele, chama chenye serikali ndicho chenye wabunge wengi, Spika anasema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, nadhani walioafiki wameshinda, imekwisha, inasubiriwa saini ya rais tu. Kwa hiyo mtu akisikia "Bunge limepitisha" kichwani kwake jambo limeshakwisha. Huku ni tofauti toka msingi. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge, mbunge akiteuliwa waziri lazima aache ubunge kwanza. Na rais mwenyewe hana uwezo wa kuweka muswada mezani, lazima apate mbunge au seneta wa kumwekea. Biden siku ileile anaapishwa, Januari 20, 2021, alitangaza pendekezo lake kubwa la uhamiaji na likapelekwa Bungeni, na lile nalo halikupigiwa kura hata upande mmoja, na wakati huo chama chake ndicho kilikuwa kinaongoza pande zote mbili! Hapo ndipo watu wengi wanapotea, wanadhani rais na Bunge wakiwa chama kimoja basi kila kitu kinapita.

Hizi pande mbili zimetoka wapi? Mwaka 1787 walipokaa Philadelphia kuandika katiba, majimbo yenye watu wengi yalitaka wabunge wagawanywe kwa idadi ya watu, majimbo madogo yakasema hapana, mtatumeza, na mkutano ukakaribia kuvunjika. Julai 16 wakakubaliana wafanye vyote viwili. Baraza la Wawakilishi linaenda kwa idadi ya watu, leo lina wabunge 435, Texas yenu ina 38, na wote 435 wanarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 2. Seneti haiangalii watu, kila jimbo linapata maseneta wawili tu, jumla 100, wanakaa miaka 6 na theluthi yao wanagombea kila miaka 2. Wyoming ina watu hawafiki laki 6, ina maseneta wawili. California ina watu zaidi ya milioni 39, maseneta wawili. Nafundisha darasa la mtihani wa uraia hapa Ohio, wanafunzi wangu wengi ni Wakongo wa Kivu waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, na kuna mzee mmoja nilipofika kwenye hizi namba akaweka kalamu chini akaniuliza, sasa mwalimu, huyu mwenye watu wachache anamzuiaje huyu mwenye watu wengi? Nikamwambia mzee, ndivyo walivyokubaliana ili nchi ipatikane, na hakuna aliyeweza kuibadilisha mpaka leo.

Safari ya muswada kwenye Baraza la Wawakilishi sitaimaliza yote, ila ujue inavyoanza maana inakupa picha. Pembeni ya meza ya karani kuna kisanduku cha mbao, mbunge anatembea pale anadumbukiza karatasi zake ndani, basi, muswada umezaliwa, unapewa namba. Hamna kuruhusiwa na mtu. Ndio maana kila kipindi cha miaka 2 inaingizwa zaidi ya elfu 10 ukijumlisha na ya Seneti, na inayokuja kuwa sheria ni mia chache tu. Mingine yote inafia wapi? Kwenye kamati. Muswada wa uhamiaji kawaida unaangukia Kamati ya Sheria, na mwenyekiti wa kamati ndiye anaamua upi usikilizwe na upi ulale kwenye droo, na akiamua ulale hana haja ya kumweleza mtu yeyote sababu. Ukitoka kamati unahitaji Spika akubali uingie ukumbini. Nasema Spika lakini usimfikirie kama Spika wa Dodoma anayesimamia taratibu, huyu wa huku ni bosi wa chama chenye wabunge wengi na ndiye mwenye ufunguo wa mlango. Siku ya kura wabunge wanachomeka kadi kwenye vijimashine vilivyopo ukumbini na majina yao yanawaka ukutani juu, kijani ndiyo, nyekundu hapana, dakika kadhaa imekwisha. Pale kura moja zaidi inatosha, ndio maana 228 kwa 197 ulikuwa ushindi wa raha.

Seneti sasa. Hapa ndipo swali lako linapojibiwa kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kule Seneti kanuni inasema mjadala hauna mwisho mpaka maseneta wenyewe wakubali uishe. Seneta akipewa nafasi ya kuongea anaongea mpaka achoke, na asipoisha kuongea kura haiwezi kupigwa. Hii ndiyo wanaita filibasta. Strom Thurmond mwaka 1957 aliongea masaa 24 na dakika 18 kuzuia sheria ya haki za Weusi, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka 2025 Cory Booker, seneta Mweusi wa New Jersey, aliposimama masaa 25 na dakika 5. Njia ya kumaliza mjadala ilianzishwa 1917, wakasema maseneta theluthi mbili wakipiga kura ya kufunga mjadala basi ufungwe, mwaka 1975 wakapunguza ikawa 60 kati ya 100. Na siku hizi hata hakuna anayesimama kuongea usiku kucha kwa kawaida, inatosha wapinzani kusema hatukubali mjadala ufungwe, kiongozi wa walio wengi anahesabu vichwa, akiona hafiki 60 hata hauleti ukumbini asipoteze wiki nzima bure. Kwa hiyo mama shika namba hii: kwenye Seneti 51 inapitisha muswada, lakini 60 ndiyo inakuruhusu kufika kwenye hiyo 51. Mwaka 2021 Seneti ilikuwa 50 kwa 50 na makamu wa rais Kamala Harris ndiye alikuwa anavunja sare. Hesabu mwenyewe kutoka 50 kwenda 60 walikuwa wanahitaji watu 10 wa chama cha pili, na hao 10 hawakupatikana.

Ngoja nikupe kisa kimoja uone hiyo kura ya kufunga mjadala ina uzito gani. Mwaka 1964 sheria kubwa ya haki za raia, ile iliyokataza ubaguzi mahotelini na kazini, ilizuiliwa Seneti kwa siku 60 za kazi. Siku 60! Juni 10 wakaita majina kufunga mjadala, na wakati huo zilihitajika kura 67. Seneta wa California, Clair Engle, alikuwa anaumwa uvimbe kwenye ubongo, hawezi tena kuongea, wakamleta ukumbini na kiti cha magurudumu. Karani akaita jina lake. Kimya. Mdomo unajaribu sauti haitoki, basi akanyanyua mkono taratibu akaonyesha jicho lake, maana kwa Kiingereza neno la kusema ndiyo Bungeni na neno la jicho yanatamkwa sawa. Karani akaandika ndiyo. Mjadala ukafungwa kwa 71 dhidi ya 29. Wiki chache baadaye, mwezi wa saba, yule seneta akafariki. Hiki kisa nikikieleza darasani huwa nashindwa kukiharakisha, kwa sababu kinaonyesha hii kanuni ambayo ukiisoma ni namba tu, kwa watu wanaoisubiri sheria ni kitu cha kufa na kupona.

Sasa rudi kwa watoto kama wako uone wamepita milango mingapi. Dream Act ya kwanza, yaani muswada wa kuwapa makaratasi watoto hawa, iliwekwa mezani 2001 na maseneta wawili wa vyama tofauti, Orrin Hatch wa Utah na Dick Durbin wa Illinois, na kikao cha kuusikiliza kilipangwa Septemba 12, 2001, yaani kesho yake baada ya ndege kugonga majengo New York. Unajua kilichofuata, hakuna aliyetaka kusikia neno uhamiaji tena. Desemba 2010 Wawakilishi wakaupitisha 216 kwa 198, siku kumi baadaye Seneti wakapiga kura ya kufunga mjadala wakapata 55 kwa 41. Wengi walikubali mama, 55 ni wengi, ila sio 60, ukafa. Mwaka 2013 ikawa kinyume, maseneta wanane, wanne kila chama, wakatengeneza muswada mpana na Seneti ikaupitisha 68 kwa 32, watu wakalia kwa furaha, halafu Spika wa wakati huo John Boehner hakuuleta ukumbini kwake kabisa kwa sababu wengi wa chama chake hawakuutaka, ingawa waliokuwa wanausukuma wanaamini mpaka leo kwamba ungepigiwa kura ungepita kwa kura za vyama vyote viwili. Mwaka 2018 tena Seneti, ule wa vyama vyote viwili ukapata 54 kwa 45. Pungufu. Halafu ndio wenu wa 2021.

Ukiziangalia vizuri utaona mara tatu kati ya hizo waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa kwenye ukumbi ambao muswada ulifia, au ungeweza kuwa hivyo. Mimi nasema wazi kwamba hili linaniuma. Najua hoja ya wanaoitetea filibasta, kwamba inazuia chama kimoja kupindua sheria zote kila kikishinda uchaguzi, na sio hoja ya kijinga, nchi inahitaji breki. Ila watoto waliokuwa wa miaka 10 mwaka 2001 leo ni watu wazima wana watoto wao na bado wanasubiri 60.

Mwaka huohuo 2021 walijaribu hata kupita mlango wa nyuma, na hii pengine hukuisikia. Kuna njia maalumu ya miswada ya bajeti ambayo filibasta haiigusi, kura 51 zinatosha, lakini sharti kila kilichomo kiwe kinahusu mapato na matumizi ya serikali kikwelikweli, sio sera imevishwa nguo ya bajeti. Anayeshauri hiki kinaingia na kile hakiingii ni afisa wa kanuni wa Seneti, hachaguliwi na wananchi, anaitwa Elizabeth MacDonough yupo kwenye hiyo kazi tangu 2012. Wademocrat, chama cha Biden, wakampelekea pendekezo la grinkadi, yaani kibali cha kukaa moja kwa moja, mwezi wa tisa, akasema hapana, hili ni badiliko kubwa la sera, mambo ya pesa humu ni madogo tu. Wakapeleka la pili, hapana. Desemba wakapeleka la tatu ambalo hata grinkadi halikuwa nayo, ilikuwa ruhusa ya muda ya kukaa na kufanya kazi, hapana. Wakaishia hapo.

Na mwisho kuna saa ya ukutani. Bunge la huku lina namba, kila moja linaishi miaka 2, lile lilikuwa la 117 na lilikwisha saa 6 mchana Januari 3, 2023. Likiisha kila muswada ambao haujamaliza safari unakufa hapohapo, haurithiwi, anayeutaka aanze upya kwenye kisanduku cha mbao na namba mpya, hata kura 228 hazihesabiki tena. Namba zenyewe zinaanza moja, kwa hiyo mtu akikwambia leo "H.R. 6 bado inaendelea" mwambie H.R. 6 ya Bunge jingine ni muswada mwingine kabisa.

Hata zikikubali pande zote mbili, tena kwa maneno yaleyale neno kwa neno, bado kuna rais, ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili, anasaini au anapiga kura ya turufu na kuurudisha, na kuishinda turufu inahitaji theluthi mbili kila upande. Hiyo nimekutajia kwa ukamilifu tu, muswada wenu haukufika huko.

Utaniuliza mbona kuna watoto wa wenzako wana vibali vya kazi. Ile ni DACA, na DACA sio sheria ya Bunge, ni mpango uliotangazwa na serikali ya Obama Juni 15, 2012 baada ya Seneti kushindwa 2010, ndio maana mahakama zimeuvuta huku na huku miaka yote hii. Na sharti lake moja ni mtu awe yupo nchini tangu Juni 15, 2007. Binti yako kaingia 2010, kwa hiyo DACA haimhusu, na kama yule mtu wa fomu alikwambia inamhusu basi alikudanganya mara mbili.

Kuhusu zile dola 900 mama nakwambia kwa uchungu, hakuna kitu kinaitwa kujiandikisha mapema kwa sheria ambayo haijasainiwa. Hakuna fomu, hakuna ofisi inayopokea. Tafuta risiti, meseji, chochote alichokuandikia, umpelekee wakili wa uhamiaji au shirika la msaada wa kisheria lenye watu wenye kibali cha kushughulikia uhamiaji, na hukohuko waangalie faili zima la binti kama kuna njia nyingine, maana kila mtu ana historia yake na mimi siwezi kuiona kutoka hapa Ohio. Usirudi kwa yule mtu kugombana peke yako.

Halafu jioni ukiwa umetulia kaa na binti mfungue congress.gov, ni tovuti ya Bunge lenyewe, bure, haiombi jina. Chagua Bunge la 117, andika H.R. 6. Juu kuna mstari wenye vituo, kuwasilishwa, kupita Wawakilishi, kupita Seneti, kwenda kwa rais, na kituo cha mwisho kimeandikwa Became Law, yaani umekuwa sheria. Utaona wa kwenu ulisimama kituo cha pili. Mtu yeyote akikuletea habari ya muswada tena, mwombe namba na namba ya Bunge, uangalie upo kituo gani kabla hujatoa hata senti moja.

Na piga simu ofisi ya mbunge wenu na ofisi za maseneta wenu wawili, zote zina ofisi huko Texas sio Washington tu. Hawana haja ya kujua makaratasi yako, watakuuliza jina na zip kodi wajue kama unakaa eneo lao, useme unataka muswada wa watoto upigiwe kura, wanaandika. Seneta Durbin kwa miaka mingi alikuwa anabeba picha kubwa za vijana mmojammoja anaziweka kwenye stendi ndani ya ukumbi wa Seneti na kueleza maisha yao, zaidi ya vijana mia, na hizo habari zilitoka kwa vijana wenyewe kujieleza. Kama binti atataka kujieleza kwa jina lake, wakili asikilize kwanza, na uamuzi awe nao yeye, ameshakuwa mtu mzima.